Kutoka Masisi na Walikale hadi Goma: historia ya mzigo usiosubiri

Mzigo wa chakula una saa yake, na saa hiyo haijui vita wala matope. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri huanza kuchacha kabla jua halijafika utosini. Sombe hunyauka siku ileile. Muhogo mbichi ukishang'olewa hubadilika rangi kwa ndani na kuharibika baada ya siku mbili au tatu. Viazi huvumilia wiki kadhaa, ila vikikaa juani vinageuka kijani, vinakuwa vichungu na vinaweza kumdhuru mlaji. Ndizi hukatwa mbichi, kwa sababu ikiivia njiani inafika sokoni ikiwa imepondeka.

Kwa hiyo historia ya chakula cha Masisi na Walikale ni historia ya mbio kati ya mzigo na barabara. Mara nyingi barabara imeshinda. Lakini kila kizazi kimekuwa na watu waliopunguza hasara, na njia yao imekuwa moja: kujipima na wengine. Nani kafika mapema? Nani kapoteza kidogo? Alifanyaje? Wataalamu wa biashara wameipa njia hiyo jina na kuiandikia vitabu, ila mama muuza viazi wa Sake ameijua tangu zamani. Kilichokosekana kwetu mara nyingi ni kuandika vipimo vyenyewe, ili vibaki hata pale watu wanapokimbia.

Maziwa yaliyogeuka jibini

Masisi ni nchi ya milima, baridi na mvua. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji sehemu kubwa ya msitu wake ilikatwa, ikawa mashamba makubwa na malisho ya ng'ombe. Baada ya uhuru malisho yalibaki, na maziwa yakawa mengi kuliko midomo ya vijijini. Soko kubwa lilikuwa Goma. Ukitoka Goma hadi Sake ni kilomita zisizofika 30, na hadi Masisi-Centre ni kama 80. Kwenye lami safi hiyo ingekuwa safari ya asubuhi moja. Kwenye udongo wa Masisi wakati wa mvua, Fuso inaweza kulala njiani, na maziwa hayalali.

Kuyapoza kungehitaji umeme na mitambo, vitu ambavyo vilima vingi vya Masisi havikuwa navyo. Jibu lilikuja kwa njia nyingine: jibini, ambayo wengi huku huiita fromaji. Kwa masimulizi ya wafugaji, ufundi huo uliletwa na wamisionari wa Kibelgiji katika miaka ya 1970. Maziwa yanapashwa moto, yanagandishwa, maji yanakamuliwa, kisha bonge linawekwa kwenye umbo la mviringo, linatiwa chumvi na kuachwa likomae. Lita kama 10 za maziwa hutoa kilo moja ya jibini.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha biashara. Mtu aliyeshindwa kubeba bidoni za lita 100 mlimani aliweza kubeba kilo 10 begani au nyuma ya pikipiki. Na mzigo uliokuwa na saa chache za kuishi ukapata wiki. Jibini ya Masisi ikafika Goma, na kutoka Goma ikapanda ndege hadi Kinshasa, ambako watu waliijua kwa jina la Goma hata kama ilitoka malishoni Masisi.

Yapo mawili ya kukumbuka hapa. Kwanza, barabara haikutengenezwa. Ni mzigo uliobadilishwa ufanane na barabara. Pili, ufundi ulienea kwa macho. Jirani aliona kwamba mwenzake hamwagi tena maziwa, akaenda kujifunza. Huko ndiko kujipima na mwenzako.

Walikale: mbali na soko, karibu na ndege

Walikale ni habari tofauti. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Huko mavuno ni muhogo, ndizi, mchele, karanga na mawese. Wakulima wa Walikale nao walibadilisha mzigo kabla ya kuusafirisha. Muhogo ulilowekwa, ukakaushwa, ukawa makopa au unga unaokaa miezi. Chikichi zilikamuliwa zikawa mawese, mafuta yanayovumilia safari ndefu ndani ya bidoni. Nyama na samaki vilikaushwa kwa moshi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mgodi wa Bisie ulivuma kwa kasiteriti. Kwa kuwa barabara ya kwenda Goma ilikuwa mbaya mno, ndege ndogo zilianza kutua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, kilomita kama 30 kutoka Walikale-Centre, kwenye barabara ile ya Bukavu kwenda Kisangani. Magari yalisimamishwa, ndege ikatua, ikapakia magunia ya madini, ikaruka kwenda Goma. Ikirudi ilileta vinywaji, sabuni na nguo.

Tazama tofauti iliyojificha hapo. Gunia la madini lilipimwa mgodini, likapimwa tena kwa mnunuzi, na kila kilo iliyopungua ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Katika miaka ya 2010, magunia ya Rubaya huko Masisi na ya sehemu nyingine yakaanza kufungwa lebo zenye namba ili asili yake ifuatiliwe. Mfumo huo umelaumiwa, na si bila sababu, kwamba uliacha madini ya mahali pengine yapite. Hata hivyo ulionyesha kwamba katika milima hiihii, kwa wabebaji haohao na barabara hizohizo, mzigo unaweza kuandikwa unapoondoka na kuandikwa unapofika. Gunia la viazi halikuwahi kupewa heshima hiyo. Liliondoka bila kupimwa na likafika bila kupimwa, na kilichooza kikaitwa bahati mbaya.

Dunia nayo ilianzia hapo

Nchi zinazosafirisha chakula mbali hazikuanza na majokofu mazuri. Zilianza kwa kuhesabu. Tarehe 15 Februari 1882 meli ya tanga iitwayo Dunedin iliondoka Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na karibu mizoga 5,000 ya kondoo na wanyama wengine, na mtambo wa kutengeneza baridi. Ilipofika maeneo ya joto, baridi haikuenea sawasawa ndani ya ghala. Nahodha aliingia mwenyewe kufungua njia za hewa, na karibu agande humo. Baada ya siku 98 meli ilifika London. Mizoga ilihesabiwa: mmoja tu ndio uliokataliwa.

Hesabu hiyo, mmoja kati ya karibu 5,000, ndiyo iliyogeuza safari moja kuwa biashara ya nchi nzima. Bila hesabu, London ingesikia tu kwamba nyama imefika. Kwa hesabu, kila mwenye meli alijua kiwango cha kufikia, na mwenye hasara kubwa alijua kwamba kosa linaweza kurekebishwa.

Ndizi nazo zina somo lao. Mwaka 1904 kampuni ya Kimarekani ya United Fruit ilianza kutumia mawasiliano ya redio huko Costa Rica na Panama, baadaye ikaweka mitambo hiyo kwenye meli zake. Sababu ilikuwa rahisi. Ndizi ikikatwa kabla meli haijakaribia, inaiva bandarini. Meli ikisubiri ndizi zikatwe, siku zinapotea. Kampuni hiyo ina historia chungu ya kuwakandamiza wafanyakazi na kuingilia serikali za nchi zile, na hakuna haja ya kuisifu. Lakini kanuni yake ya kazi inamfaa kila mkulima wa Walikale mwenye simu: usikate mpaka ujue gari liko wapi.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba wa kujipima naye si lazima awe wa kazi yako. Mwaka 1979 kampuni ya Xerox ya Marekani, watengenezaji wa mashine za kunakili karatasi, ilikuwa inashindwa na Wajapani. Ikaanza kujilinganisha nao hatua kwa hatua. Ilipofika kwenye maghala, ilikwenda kujifunza kwa L.L. Bean, kampuni inayouza viatu na nguo za porini, kwa sababu watu wake walipanga na kutoa mizigo haraka zaidi. Muuza mashine alijifunza kwa muuza viatu. Vivyo hivyo msafirishaji wa maziwa wa Masisi anaweza kujifunza kwa mnunuzi wa madini jinsi ya kuandika, na kwa muuza mawese jinsi ya kufunga bidoni.

Karibu na kwetu, katika kaunti ya Kiambu nchini Kenya, wafugaji wadogo wa Githunguri walianzisha ushirika wao mwaka 1961. Leo una kiwanda chake cha maziwa. Kilichowabeba ni kazi ndogo ya kila asubuhi: kwenye kituo cha kukusanyia, maziwa ya kila mfugaji yanapimwa lita, yanakaguliwa kama yametiwa maji au yameanza kuharibika, yanaandikwa kwa jina lake. Maziwa mabaya hayachanganywi na mazuri. Bidoni moja iliyochacha haiharibu tangi zima, na mwenye bidoni hiyo anajua siku hiyohiyo.

Vita vilivyokata hesabu

Kivu Kaskazini ilikuwa na wafugaji, vyama vyao na masoko yao, na ndege zilizopeleka nyama, maharagwe na mboga Kinshasa. Kisha Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi. Inafaa kukumbuka kwamba moto ule uliwashwa sokoni, mahali ambapo watu walikuja na chakula. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na kambi zikajaa Mugunga, Kibumba na Katale. Ng'ombe wa Masisi waliibwa kwa wingi na nyama yao ikauzwa. Malisho yakabaki na majani bila mifugo. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata.

Kila mara watu walirudi, wakanunua ndama, wakapanda viazi, wakaanza upya. Lakini walianza upya kutoka sifuri hata kwa ujuzi. Daftari la bei, jina la mbebaji mwaminifu, saa nzuri ya kupita Sake, vyote vilikuwa kichwani mwa mtu, na mtu huyo alikuwa amekimbia au amekufa.

Wimbi la karibuni limekuwa zito zaidi. Kitchanga ilitekwa na M23 Januari 2023, na Mushaki ikafuata Februari. Mapigano yalifika karibu na Sake Februari 2024, na njia za chakula kuingia Goma zikabanwa. Rubaya ilifuata mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-Centre ilitekwa mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Jibini iliyokuwa ikipanda ndege kwenda Kinshasa ikakosa ndege. Machi 2025 vita vilifika Walikale-Centre, kabla ya M23 kuondoka hapo mwanzoni mwa Aprili.

Njia za nchi kavu zilipokatika, mizigo mingi na abiria walihamia majini, kutoka Minova hadi bandari ya Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaza watu kupita kiasi ilizama karibu kabisa na Kituku, mbele ya macho ya waliokuwa wakisubiri jamaa zao. Makumi ya watu walikufa. Msiba huo unatufundisha kuhusu kipimo kibaya. Mwenye chombo akijipima na mwenzake kwa kuuliza tu nani kabeba wengi kwa safari moja, atashinda mpaka siku ya kuzama. Kipimo cha kwanza cha safari yoyote ni nani kafika salama.

Vipimo vinne vinavyotosha

Kwa mkulima, mchuuzi au ushirika mdogo, havihitajiki vitu vingi. Daftari la shule na kalamu vinatosha kwa mambo manne.

La kwanza ni saa: mzigo ulitoka shambani lini, ukauzwa lini. La pili ni kilichoondoka na kilichofika kizima, kwa kilo, lita au idadi ya vitunga. La tatu ni makuta yaliyolipwa njiani, yakitenganishwa: nauli, wabebaji, ushuru, barieri. La nne ni bei ya mwisho.

Chukua wachuuzi wawili walioondoka Mushaki siku moja, kila mmoja na magunia kumi ya viazi. Mmoja kafika Goma na magunia tisa mazuri, mwingine saba. Bila daftari, wa pili atasema barabara ni mbaya, na atakuwa na haki. Kwa daftari, wataona kwamba barabara ilikuwa ileile. Labda wa kwanza alichambua viazi vilivyokatwa na jembe kabla ya kufunga, maana kiazi kimoja kilichooza huambukiza gunia. Labda aliviacha vikauke udongo kivulini usiku mmoja. Labda hakukubali abiria wakalie magunia yake. Hayo hayana gharama kubwa, na wa pili anaweza kuyafanya safari ijayo.

Ila lazima ulinganishe vinavyolingana. Kumpima aliyepita wakati wa kiangazi na aliyepita kwenye mvua ni kumdhulumu mmoja wao. Mbebaji wa miguu hapimwi kwa saa za pikipiki. Na safari ya maziwa haipimwi na safari ya mawese.

Kipimo cha tatu, cha makuta ya njiani, kina kazi nyingine kubwa. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya Kibelgiji ya IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya wenye silaha wa kila upande na vya watumishi wa serikali. Mchuuzi akitenganisha hesabu, ataona ni hasara gani imetoka mikononi mwake na ipi imetoka mikononi mwa waliomsimamisha. Hasara ya kwanza anaweza kuipunguza mwenyewe kesho. Ya pili hawezi, na hapaswi kulaumiwa kwayo. Lakini madaftari ya wachuuzi hamsini yakisomwa pamoja, ni ushahidi ambao shirika la raia linaweza kuuweka mezani siku yoyote mwenye mamlaka atakapokubali kusikiliza. Usalama wa waandikaji nao uzingatiwe: andika kiasi na mahali, usiandike majina ya watu.

Kwa wanaorudi na wanaosubiri

Februari 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa na familia zikapewa muda mfupi wa kuondoka. Baadhi zimerudi vilimani na kukuta mashamba yamekuwa kichaka. Nyingine zimebaki kwa jamaa mjini, zikinunua kwa bei ya juu viazi ambavyo zamani zilikuwa zikiuza. Kwa familia hizo, gunia moja lililookolewa lisioze ni karo ya mtoto au mbegu ya msimu ujao.

Hakuna daftari linaloweza kumaliza vita au kuweka lami kati ya Masisi na Walikale. Kazi hiyo ni ya wenye mamlaka, na wataendelea kudaiwa. Lakini ujuzi wa kufikisha chakula kizima ni mali ambayo familia hubeba bila mzigo kuongezeka, na hakuna barieri inayoweza kuitoza ushuru. Wazee waliojifunza kugeuza maziwa kuwa jibini, na muhogo kuwa makopa, waliupata kwa kumtazama mwenzao aliyefanya vizuri. Walio kambini, walio mjini na waliorudi vilimani wanaweza kukaa pamoja jioni moja na kuulizana yale maswali manne: uliondoka lini, ulifika na nini, ulilipa wapi, uliuza kwa ngapi? Aliyefika na tisa amwambie aliyefika na saba alivyofanya. Kisha waandike.